Kupanga saa za safari ndefu ya lori: mwongozo kamili kwa dereva wa Dar, Tunduma hadi Kasumbalesa

Kaa kijiweni Tunduma usikilize madereva wanavyosifiana. Sifa kubwa bado ni ile ile: fulani jana alikuwa Dar, leo yuko hapa, na hajafumba jicho. Tajiri, yaani mwenye lori, akisikia anafurahi, na vijana waliopanda usukani juzi wanaona huo ndio uhodari wenyewe.

Sikubaliani nao. Kutoka Dar hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni karibu kilomita 930, na kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka huo, hadi Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni zaidi ya kilomita 1,000 nyingine. Ukifuatilia safari yoyote iliyochelewa kwenye njia hii, mara chache utakuta dereva amechelewa kwa sababu alilala. Utakuta karatasi zilitoka jioni, ekseli moja (mhimili wa magurudumu) ilizidi uzito mizani, mfumo wa forodha ulikwama, au hosi ya upepo ilipasuka porini. Anayekesha analipa kwa usingizi wake deni walilokopa wengine. Basi mwongozo huu ni wa kupanga saa: za kuendesha, za kusubiri na za kulala. Nimeuandika kwa dereva aliyekabidhiwa kichwa na tela karibuni, ila hata mkongwe anaweza kuupitia na kubishana nao.

Hatua ya 1: Hesabu tangu ulipoamka

Madereva wengi huanza kuhesabu wanapowasha gari. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Chukua siku ya kawaida ya kupakia. Umeamka saa 11 alfajiri kuwahi bandarini. Umeshinda kwenye foleni, umepakia, umekagua loki za kontena au umefunga turubai, kisha umekaa kwa ajenti wa forodha ukingojea karatasi hadi saa 11 jioni. Unawasha injini ukijiambia kwamba sasa ndiyo kazi inaanza. Mwili unajua umeshakaa macho saa 12. Ikifika saa 4 usiku, ukiwa unaitafuta Morogoro, umefikisha saa 17.

Watafiti wa Australia walilipima jambo hili mwaka 1997. Waligundua kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kutenda hushuka kufikia ule wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifikisha saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Dereva huyo hajagusa hata bia moja, na trafiki akimpulizisha kile kifaa chao hakitaonyesha chochote.

Nunua daftari dogo, liweke mahali mkono unapofika. Kila siku andika vitu vitatu: saa uliyoamka, saa ulizokaa kwenye usukani, na saa ulizolala usiku uliopita. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: usukani usizidi saa 9 kwa siku, na saa ya 14 tangu uamke ikukute gari limeegeshwa. Ukijifungia saa 14 unabaki na akiba kidogo, maana sehemu ya kuegesha uliyoitaka inaweza kuwa imejaa, na itabidi usogee mji unaofuata.

Hatua ya 2: Jua haki ya saa zako kabla hujasema ndiyo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha saa za ziada, siku moja isizidi saa 12, na saa za ziada zenyewe zisipite 50 katika wiki nne. Zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa moja. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine kuna saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku, nayo ina nyongeza yake ya asilimia 5.

Najua utakachosema: nani anayafuata hayo barabarani? Ni kweli, malipo mengi ya njia hii ni ya safari, yaani posho unayopewa mkononi pamoja na mshahara mdogo. Ukizungusha haraka unapata safari nyingi zaidi kwa mwezi. Mfumo huo wenyewe unamsukuma dereva akeshe, na haitoshi kumlaumu yeye peke yake. Lakini anayezijua namba hizi anazungumza tofauti na asiyezijua. Pia, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mkataba wa maandishi mtu anayepelekwa kufanya kazi nje ya nchi, na dereva wa Zambia na Kongo yumo humo. Kama huna karatasi, iombe kabla ya safari, si baada ya ajali. Mgogoro ukishindikana kumalizwa ofisini unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri kuitwa.

Ukitaka kipimo cha usukani peke yake, azima cha wenzetu. Ulaya dereva anaruhusiwa saa 9 za kuendesha kwa siku, na baada ya saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Marekani, ambako siku hizi Waafrika Mashariki na Wakongo wengi wanaendesha malori, ni saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14 tangu aanze kazi. Barabara zao ni pana kuliko yetu na bado wameweka kikomo.

Hatua ya 3: Igawe njia kabla hujatoka

Kisheria lori kubwa halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mijini 50. Ukiweka mizani, vijiji, milima na matuta, lori lililoshiba mzigo linatembea wastani wa kilomita 45 kwa saa, tena siku njema. Dar hadi Tunduma inakuwa saa 20 na ushee za usukani. Hizo ni siku tatu. Atakayekuahidi mbili ameshaziiba saa zako za kulala.

Siku ya kwanza lala Mikumi mjini, kama kilomita 300 kutoka Dar. Toka saa 10 alfajiri, uwe umeipita Kibaha kabla foleni ya kuingia na kutoka mjini haijashika. Mizani ya Vigwaza na Mikese iko mbele yako. Faida ya mpango huu ni kwamba unavuka kilomita 50 za hifadhi ya Mikumi mchana. Usiku wanyama wanavuka, matuta yanakushtua, na ukigonga mnyama faini yake si ya kusimulia. Karatasi zikitoka jioni, usijilazimishe kufika Mikumi. Lala Chalinze au hata yadi, utoke alfajiri.

Siku ya pili ni Mikumi hadi Makambako, siku ndefu na nzito. Unapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, kisha unaukabili mlima Kitonga ukiwa bado na nguvu za asubuhi. Usimfuate mtu nyuma kabisa pale. Lori la mbele likishindwa mlima likaanza kurudi, utahitaji nafasi. Ukitoka Iringa na mizani ya Wenda, Mafinga ni baridi. Watu wanafunga vioo, kibanda kinapata joto, na usingizi unaingia taratibu. Acha kioo wazi kidogo.

Siku ya tatu, Makambako hadi Tunduma, ni kama kilomita 280. Zinaonekana chache, lakini miteremko ya Mbeya haitaki dereva aliyechoka: Inyala, na ule wa kushukia Mbalizi. Majina hayo umeyasikia kwenye taarifa za ajali mara nyingi. Pita hapo kabla ya saa 8 mchana ukiweza.

Kuhusu mizani, kosa linalopoteza muda mwingi hutendeka wakati wa kupakia. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Machi 2019, gari lenye ekseli sita la kawaida linaruhusiwa tani 50: nane mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 kwenye tatu za tela. Kikomo cha juu kabisa ni tani 56, kwa ekseli saba. Unaweza kuwa na jumla ya tani 49 na bado ukasimamishwa kwa sababu mzigo umelala upande mmoja. Simama mwenyewe uangalie wanavyoupanga. Nusu saa ya kubishana na wapakiaji ni bora kuliko kushusha na kupanga upya Vigwaza juani.

Hatua ya 4: Foleni ni saa za kazi, zitumie kulala

Hii ndiyo hatua ambayo madereva wengi hawaifanyi vizuri, na ndiyo yenye faida kuliko zote.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde una kituo cha pamoja tangu Oktoba 2019, na mambo yalipungua ukali. Hata hivyo siku ambazo mfumo unakwama, malori yanajipanga kurudi nyuma hadi kuelekea Mpemba. Kasumbalesa foleni inaweza kuhesabiwa kwa kilomita. Dereva anafanya nini humo? Anashuka, anacheza bao au karata, anaongea siasa, anakunywa, kila baada ya robo saa anapanda kusogeza gari mita 20. Usiku hivyo hivyo. Lango likifunguka alfajiri, ameshakesha, na anaona amekuwa akipumzika siku mbili. Anakanyaga mafuta ili afidie. Ajali ya siku hiyo ilianzia foleni.

Fanya hivi. Ukishajipanga, kabla ya jambo lolote, nenda kwa ajenti uhakikishe karatasi zako ziko hatua gani. Kama jibu ni kesho, ukimbizane na nini? Pangeni zamu ya macho, wewe na utingo wako, au na dereva wa mbele na wa nyuma: mmoja anaangalia foleni na mafuta, wengine wanalala saa nne nne. Wenye busara hukubaliana kikundi kizima na kupeana namba za simu, ili foleni ikisogea umwamshe jirani. Usimpe utingo asiye na leseni usukani, hata wa kusogeza tu. Akimgonga mtu, bima ina sababu ya kukukana.

Weka pazia kwenye kioo cha mbele na za pembeni. Zima redio. Weka simu mbali na mto, mlio ukiwa wazi kwa ajenti na mwenzako wa zamu tu. Usingizi wa vipande una thamani kama kila kipande ni kirefu. Vipande vya dakika 15 usiku kucha havikupi kitu.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi: ukivuka Nakonde, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na Katanga ni hivyo hivyo. Watu wanaichukua kama zawadi ya kuendesha. Acha daftari lako libaki kwenye saa za nyumbani hadi utakaporudi, hesabu isikupotee.

Zambia igawe vile vile, siku nne hadi Kasumbalesa, ukilala miji yenye yadi zenye walinzi: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi. Baada ya hapo ni Ndola, Kitwe, Chingola, ambako magari ni mengi na mwendo ni wa kuvuta. Ukiingia Kongo unahamia upande wa kulia wa barabara na usukani wako uko kulia, kwa hiyo kuona mbele ili upite gari lingine ni shida. Usipite bila utingo kukuangalizia. Hatari zaidi ni asubuhi, unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu, na mkono unakupeleka kushoto wenyewe. Bandika kipande cha karatasi kwenye dashibodi: KULIA.

Hatua ya 5: Usingizi wenyewe

Mtu mzima anahitaji saa 7 hadi 8. Kuna nyakati mbili mwili unashuka hata kama umelala vizuri: kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Ratiba ya kutoka saa 10 alfajiri niliyoitoa juu inafaa tu kama ulilala saa 2 au 3 usiku. Kama ulilala saa 6, toka saa 1 asubuhi na ukubali foleni.

Dalili zijue: unapiga miayo mfululizo, hukumbuki kijiji ulichopita, gari linagusa mstari wa pembeni, unabadili gia kwa kuchelewa. Hapo usijipige makofi wala kumwagia uso maji. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne umepita karibu urefu wa uwanja wa mpira bila dereva. Tafuta pa kuegesha, kunywa kikombe cha kahawa au chai nzito, halafu lala papo hapo dakika 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo itakuamsha yenyewe. Ukiamka tembea dakika tano kuzunguka gari kabla ya kuwasha.

Mirungi na vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu havilipi usingizi, vinauahirisha. Na usingizi ulioahirishwa hauchagui mahali pa kurudi. Mirungi Tanzania ni kosa la jinai juu ya hayo. Ukikutwa nayo safari imeishia hapo.

Chakula cha usiku kula mapema na usijaze. Wali na nyama kubwa saa 8 mchana ndio unaokulaza Igawa. Dereva anayekoroma sana na kuamka amechoka hata baada ya saa nane aende hospitali apimwe. Kuna tatizo la pumzi kukatika usingizini, na linatibika. Shinikizo la damu pia lipime kila ukiwa nyumbani, maana kazi hii ya kukaa inalileta mapema.

Hatua ya 6: Gari la asubuhi

Dakika 20 kila asubuhi, bila kujali tajiri amepiga simu mara ngapi. Zunguka na nyundo ugonge matairi, usikilize lililopungua upepo. Angalia bolti, loki za kontena, lakiri (muhuri wa kontena) kama iko salama, kingipini (pini inayounganisha tela na kichwa) na sahani ya tela. Mwaga maji kwenye matangi ya upepo. Jaza upepo, kanyaga breki ushikilie, sikiliza inayovuja. Oili, maji, taa, pembe tatu za kuakisi mwanga, mbili, zinazosimama vizuri. Ukiharibikiwa njiani, weka pembe tatu na si matawi na mawe. Na kama umelazimika kuweka mawe, ukiondoka yaondoe. Mawe yaliyosahaulika barabarani yameua waendesha bodaboda wasio na hatia.

Mteremko uamulie juu. Gia unayoshukia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, breki ya ekzosi iwe imewashwa. Kanyaga breki kwa nguvu hadi mwendo upungue kwa kama kilomita 10 kwa saa, achia kabisa, rudia. Ukiishikilia kidogo kidogo njia nzima inachemka, na breki iliyochemka haishiki. Kushuka kwa gia huru ili kubana dizeli ni kamari mbaya. Kumbuka kwamba Kitonga uliyoipanda ukienda, utaishuka ukirudi, umebeba shaba, umechoka, na nyumbani pananukia.

Hatua ya 7: Namna ya kuzungumza na tajiri

Tajiri anachukia kimya kuliko anavyochukia kuchelewa. Mteja anampigia yeye. Kwa hiyo mpe habari mapema, zenye namba, kabla hajauliza. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Shikamoo bosi. Nimefika Makambako saa 11 jioni. Mizani Wenda tulikaa saa 3. Leo nimeendesha saa 9, nalala hapa yadi yenye mlinzi. Kesho natoka saa 11 alfajiri, Tunduma nitafika saa 9 mchana. Ajenti nimeshamjulisha."

Akisisitiza utembee usiku, usibishane kwa hasira. Mwambie: "Bosi, nimeamka tangu saa 10 alfajiri, nikiendelea naweka mzigo wako hatarini. Nikilala, kesho saa 9 upo mpakani." Bosi mwenye akili anaelewa hesabu ya gari lililopinduka. Akiendelea kushikilia, mwombe aandike maagizo hayo kwa ujumbe. Wengi wakiombwa kuandika hulegea. Anayeandika kweli, anza kutafuta tajiri mwingine taratibu, na ujumbe huo utunze.

Uaminifu wako kwenye mafuta ndio unaokupa sauti katika mazungumzo hayo. Anayenyonya dizeli ya gari au kupakiza abiria njiani hana pa kusimama akidai saa zake za kulala, maana ofisi inamjua. Weka risiti zote, andika lita na kilomita kwenye daftari lile lile.

Hatua ya 8: Kurudi

Ukifika Chalinze jua limezama na ulitoka Ruaha Mbuyuni asubuhi, angalia daftari. Kama saa 14 zimetimia, lala Chalinze. Kilomita mia na kitu za mwisho, zenye magari mengi na mwili ulioshajiambia umefika, si za kumalizia usiku.

Yadini usikabidhi funguo tu. Andika ubovu ulioona njiani, breki ya upande gani inachelewa, tairi gani limeisha, umpe fundi na nakala ubaki nayo. Gari likipangiwa safari nyingine kesho yake, fundi awe amelipita kwanza. Kisha nenda nyumbani, ulale, na siku ya kwanza usikubali kuitwa kusogeza gari hata ndani ya yadi.